Ukikata Video, Usikate Ushahidi

Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wa chama wa Kata ya Cheyo, Tabora Manispaa, kwenye semina ya maandalizi ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024. Wengi mmeomba maandishi ili muwatumie wenzenu wa kata nyingine. Nimeyaacha yasomeke kama yalivyosemwa.

Mwenyekiti wa vijana wa kata, viongozi wa matawi, mama zetu wa baraza la wanawake mlioacha shughuli zenu kuja kukaa na sisi, makamanda wote: mwangaluka! Nguvu ya umma!

Asanteni. Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Kubadili uwiano wa video kwenye kompyuta". Najua kuna mtu kaisoma akajisemea, sisi tunaenda kwenye uchaguzi, huyu dada wa sheria anatuletea mambo ya mafundi wa video za harusi. Subirini kidogo. Mpaka saa sita mtaona kwamba jambo hili ni la mgombea, la wakala na la wakili kabla halijawa la fundi wa harusi.

Tuanze na kumbukumbu. Novemba 2019 wagombea wengi wa upinzani waliondolewa kabla hata kura haijapigwa. Malalamiko yaliyosikika nchi nzima tunayakumbuka: mtu amekwenda kurudisha fomu akakuta ofisi imefungwa, mwingine ameenguliwa kwa kosa dogo la kujaza fomu. Vyama kadhaa vikajitoa, na chama tawala kikatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 99. Baadaye, kila tuliposema, tulijibiwa neno moja tu: ushahidi uko wapi?

Safari hii tumeamua kuingia. Na sisi watu wa Tabora mjadala wa kuingia au kususia hatujausoma kwenye magazeti. Ni wa kwetu. Januari 1958 TANU walikaa hapa hapa Tabora wakabishana kama waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule ambao mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Kanuni zilikuwa mbovu na kila mtu alijua. Waliamua kuingia, uamuzi ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake. Sisemi leo nani alikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba ukishaamua kuingia kwenye mchezo wenye kanuni mbovu, huwezi kuingia mikono mitupu. Na leo, kitu ambacho kila kijana humu ndani anacho mkononi ni kamera.

Sasa kamera inarekodi vizuri tu. Ushahidi wetu unapotea baadaye, pale mtu anapokaa kwenye kompyuta kuiandaa video iende Status, iende TikTok, iende YouTube. Anakata kingo ili itoshe. Na mara nyingi kilichokuwa kwenye kingo ndicho kilichokuwa ushahidi.

Uwiano ni kitu gani

Twende polepole, hesabu zake ni za shule ya msingi. Uwiano wa video ni upana ukilinganishwa na urefu. Basi. Ukishika simu ikalala, unapata 16:9, yaani upana sehemu 16 na urefu sehemu 9. Kwa pikseli, video ya kawaida ni 1920 kwa 1080. Ukisimamisha simu, namba zinageuka: 9:16, yaani 1080 kwa 1920. Kuna ya mraba, 1:1. Kuna 4:5 ya kuposti Instagram. Na kuna 4:3, ile ya TV za chogo. Mnazikumbuka TV za chogo? Halafu zikaja TV bapa, mtu akaivuta picha ya 4:3 ijaze kioo kizima, kwenye baa kila mchezaji akawa mnene, mpira umekuwa yai. Hiyo ndiyo kubadili uwiano vibaya. Mmeiona miaka yote, ila hamkuwa mmeambiwa jina lake.

YouTube ya kwenye kompyuta na TV inapenda video ya kulala. Status, TikTok na Reels zinapenda ya kusimama. Kwa hiyo video moja inahitaji kuvaa nguo mbili. Swali ni unaivalishaje bila kumkata mtu mkono.

Njia ni tatu tu, na programu yoyote utakayofungua inazunguka humo humo.

Ya kwanza ni kuivuta. Unachukua picha pana unaibana iwe nyembamba na ndefu. Ukiivuta 16:9 mpaka iwe 9:16, mtu anakuwa mrefu zaidi ya mara tatu ukilinganisha na upana wake. Mgombea wetu anageuka mwanzi. Hii usiifanye kabisa, wala kwa utani, kwa sababu picha yenyewe inajitangaza kwamba imechezewa.

Ya pili ni kukata kingo. Hapa ndipo hatari ilipo, kwa sababu matokeo yake yanapendeza. Hebu tupige hesabu. Video yako ina urefu wa pikseli 1080. Ili iwe 9:16 kwa urefu huo huo, upana unaoruhusiwa ni kama pikseli 608 tu, kutoka 1920. Umebakiwa na asilimia 32. Asilimia 68 ya kilichorekodiwa umekitupa. Rudia na mimi: zaidi ya theluthi mbili. Halafu hicho kipande cha 608 kinakuzwa mpaka 1080 ili kijaze simu, kwa hiyo na maandishi yanafifia. Hata ya mraba, inayoonekana ya upole, inatupa asilimia 44.

Ya tatu ni kuiacha nzima na kujaza nafasi inayobaki. Video ya kulala ikiingia kwenye fremu ya kusimama bila kukatwa, inakaa katikati ikiwa na upana 1080 na urefu kama 608. Juu na chini panabaki peusi. Wengi hawapendi hapo, wanasema haina mvuto. Ni kweli, ikiachwa hivyo hivyo inachosha. Lakini ile nafasi tupu ni mali. Nitaonyesha namna ya kuitumia.

Mfano wa kufuli

Tuseme mgombea wetu amekwenda kurudisha fomu ndani ya muda. Amekuta mlango umefungwa. Wewe umesimama hatua kumi nyuma umerekodi simu ikiwa imelala. Kushoto kuna kibao chenye jina la ofisi na mtaa. Katikati kuna mlango na kufuli. Kulia yupo mgombea na fomu mkononi, na nyuma yake mama wawili waliokuja kumsindikiza.

Video hiyo inasema sentensi nzima: ofisi fulani, imefungwa, mgombea yupo. Sasa peleka kwenye 9:16 kwa kukata. Programu kwa kawaida inachukua katikati. Umebaki na nini? Kufuli. Kufuli la wapi? La nani? La lini? Inaweza kuwa stoo ya mahindi. Sogeza kulia umpate mgombea, umekosa kibao na kufuli. Sogeza kushoto umepata kibao, basi. Unapata neno moja moja, sentensi imekufa. Na ukiposti hiyo ya kufuli, chawa wa kwanza kwenye maoni atauliza: "Hapo ni wapi?" Na atakuwa ameuliza swali halali.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya leo, andikeni: video ya tukio, picha nzima lazima ionekane mahali fulani kwenye kioo. Ukitaka kukuza kipande, kikuze pembeni ya picha nzima, kisichukue nafasi yake.

Namna ya kufanya kwenye kompyuta

Nitatumia Shotcut kwa sababu tatu. Ni ya bure kihalali, kwa hiyo hakuna mtu wa kukupa programu iliyovunjwa ikaja na virusi. Haiweki nembo yake juu ya video yako. Na inavumilika kwenye laptopu ya kawaida ya mwanafunzi. Mwenye Kdenlive atakuta mambo yale yale, naye ni bure. DaVinci Resolve ina toleo la bure zuri sana, ila inataka mashine yenye nguvu. Mwenye Premiere anabadili kwenye Sequence Settings. Majina yanatofautiana, kazi ni moja.

Hatua ya kwanza: chagua uwiano kabla hujaweka video. Fungua Shotcut, kwenye mradi mpya utaona Video Mode. Hapa watu wengi wanaumia. Ukiiacha kwenye Automatic, programu inafuata video ya kwanza utakayoiweka. Umeweka ya kulala, mradi mzima umelala, halafu unahangaika saa nzima hujui kwa nini. Kwa ajili ya Status chagua Vertical HD 30 fps. Ukisahau, nenda menyu ya Settings ukaibadili hapo.

Hatua ya pili: weka video kwenye Timeline. Itakaa katikati, peusi juu na chini. Usiogope, haijaharibika. Ipo nzima.

Hatua ya tatu: bofya klipu, fungua Filters, ongeza Size, Position & Rotate. Utaona machaguo matatu: Fit, Fill na Distort. Yakumbukeni kwa zile njia tatu. Distort ni kuivuta, ile ya mwanzi. Fill ni kujaza kwa kukata. Fit ni kuiacha nzima. Kwa video ya tukio, anza na Fit kila mara. Kisha ishike ile picha uipandishe mpaka juu kabisa ya fremu.

Hatua ya nne ndiyo utamu wenyewe. Picha nzima imechukua pikseli 608 za juu. Chini una zaidi ya 1300 zimebaki. Ongeza njia ya pili ya video, weka klipu ile ile, sekunde ile ile. Hii ya pili ikate kwa Crop: Source ubaki na kufuli tu, au kibao tu, kisha ikuze ikae chini ya ile nzima. Mtazamaji anaona juu sentensi nzima, chini anaona neno unalotaka alisome vizuri. Sauti ya njia moja izime, isijirudie. Chini kabisa andika maandishi mafupi: mtaa, tarehe, saa. Yasiwe mwishoni kabisa mwa fremu wala pembeni kulia, kwa sababu TikTok na Reels zinaweka majina na vitufe vyao hapo, maandishi yako yatafunikwa.

Kama huna muda wa hayo, kuna kichujio kinaitwa Blur: Pad. Kinajaza nafasi nyeusi kwa picha ile ile iliyofifishwa. Inapendeza, na hujakata kitu. Dakika mbili umemaliza.

Je, kuna wakati kukata kunafaa? Kupo. Hotuba ya mgombea amesimama peke yake, kata tu, hakuna kinachopotea. Akiwa anatembea jukwaani, tumia Keyframes ili fremu imfuate. Na kuna wakati kukata ni wajibu: mtoto wa shule aliyepita kwenye picha, au mtumishi aliyetusaidia ambaye akionekana kibarua kitaota nyasi. Huyo mwondoe kwenye nakala ya kuposti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, utu upo.

Hatua ya tano: Export. Chagua H.264, faili la MP4. Usiguse upana na urefu hapa. Ulishaamua uwiano mwanzoni, ukibadilisha mlangoni unaweza kurudisha mwanzi kwa njia ya dirisha. Na jina la faili liwe jipya. Jipya! Usihifadhi juu ya ile ya mwanzo.

Mawili ya haraka. Ukipeleka YouTube, usitengeneze peusi wewe mwenyewe. Peleka video kwa uwiano wake, YouTube itapanga. Na kama simu yako inaweza kurekodi 4K na nafasi ipo, rekodi tukio muhimu kwa 4K. Picha ya 3840 kwa 2160 hata ukiikata iwe ya kusimama unabaki na upana wa kama 1215, kwa hiyo kibao bado kinasomeka.

Anayesimama pembeni

Kuna jambo nataka tulizungumze ambalo si la vitufe.

Januari 2020, Davos, Uswisi. Wasichana watano wanaharakati wa mazingira walipiga picha pamoja. Wanne Wazungu, mmoja wao Greta Thunberg. Wa tano ni Vanessa Nakate kutoka Uganda, jirani yetu hapa. Alisimama mwisho, upande mmoja. Shirika la habari la AP likatoa picha ile, Wazungu wanne wapo, Nakate hayupo. Amekatwa. Alipohoji hadharani dunia ikalipuka. Maelezo ya AP yalikuwa kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha. Baadaye waliomba radhi.

Tuseme tunawaamini kabisa. Tuseme hakukuwa na nia mbaya, mtu alikuwa anaangalia jengo tu. Basi hapo ndipo pabaya zaidi! Maana yake ni kwamba mtu mzima, na safari yake yote kutoka Kampala, anaweza kufutwa na mpiga picha anayetafuta mpangilio mzuri. Kukata hakuhitaji chuki. Kunahitaji tu mtu mwenye haraka na programu inayochukua katikati.

Nasi turudi kwetu. Katika video zetu nani anasimama katikati? Mgeni rasmi kutoka makao makuu. Nani anasimama pembeni? Mama aliyepika. Kijana aliyebeba spika. Wakala aliyekesha. Ndugu yetu wa kiti cha magurudumu aliyewekwa mwisho wa safu ili asizibe njia. Ukikata video ya mkutano wetu kwa 9:16, hao ndio wa kwanza kuondoka. Halafu tunashangaa kina mama wanasema chama hiki ni cha vijana wa kiume.

Na mji huu una historia hiyo. Pale Kwihara kuna tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, watalii wanakuja kuliona. Majina mawili hayo kila mtu anayo. Mizigo ilibebwa na nani kutoka pwani? Wapagazi, na Wanyamwezi wengi miongoni mwao. Livingstone alipokufa 1873, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo wakipitia hapa Unyanyembe. Ni miezi na miezi ya kutembea na maiti begani. Kwenye picha iliyo kichwani mwa watu, wapo? Wapo pembeni. Kwa hiyo mjukuu wa mpagazi akishika kompyuta, natarajia awe na macho mapana kuliko hayo.

Sheria inasemaje

Sasa nivae kofia yangu ya darasani, nitakuwa mfupi.

Katiba, ibara ya 18, inatupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Hiyo ndiyo nguzo. Lakini kuna sheria mbili za 2015 kila anayeposti video ya uchaguzi lazima azijue.

Moja ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Kifungu cha 18 kinasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Habari njema! Lakini kukubaliwa ni kitu kimoja, kupewa uzito ni kingine. Mahakama itaangalia video ilitengenezwaje, ilitunzwaje, ilisafirishwaje, uhalisi wake ulilindwaje na aliyeitoa anatambulika vipi. Sasa fikiria umesimama mbele ya hakimu na video ya Status, imekatwa, imefifia, imepitia makundi manne ya WhatsApp, na aliyerekodi hajulikani. Wakili wa upande wa pili hata hahitaji kutoka jasho.

Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, kifungu cha 16. Ni kosa kuchapisha kwenye mfumo wa kompyuta taarifa, hata ikiwa ni picha, ukijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kuudanganya umma au kumchafua mtu. Adhabu inaanzia faini ya milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Mimi nina maoni yangu makali kuhusu kifungu hiki, kimetumika kuwatisha watu, na siku nyingine mkiniita nitakuja kuyasema. Lakini kusikipenda hakukufanyi kisikuguse. Soma maneno yake: kujua, na nia. Ukikata video ukaondoa kitu kinachobadilisha maana, umempa mwendesha mashtaka sentensi ya kwanza ya hoja yake. Ukiwa na nakala nzima, na video yako inaonyesha picha nzima, umejipa utetezi kabla hujashtakiwa.

Na tuwe wakweli hata pale ambapo ukweli haututumikii. Tuseme umerekodi purukushani, na pembeni ya fremu anaonekana kijana wetu ndiye aliyeanza kurusha jiwe. Utajaribiwa kukata. Fill, sogeza kidogo kushoto, jiwe limetoweka. Nasema hivi nikiwa na akili timamu: usifanye. Hatuwezi kudai kura zihesabiwe zote huku sisi wenyewe tunachagua pikseli za kuhesabu. Na kuna simu nyingine ilikuwa inarekodi upande wa pili, hilo nakuhakikishia. Siku watakayotoa picha nzima, video zetu zote za kweli zitakufa pamoja na ile moja.

Kazi tunayoondoka nayo

Nimeongea na mwenyekiti, tumekubaliana kila mtaa upeleke watu wawili: mmoja wa kurekodi, mmoja wa kompyuta. Utaratibu ni huu.

Mrekodi: tukio rekodi simu ikiwa imelala, rudi nyuma hatua mbili zaidi ya unavyopenda. Anza na kibao cha ofisi, sema kwa sauti tarehe, saa na mtaa, kisha nenda kwenye tukio bila kukatisha. Usiingie na kamera mahali mtu anapoweka alama kwenye karatasi yake. Kura ni siri.

Kupokezana: video isitumwe kama video kwenye WhatsApp, inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama Document, au itoe kwa waya. Ya mwanzo ibaki kwenye simu, isifutwe.

Mtu wa kompyuta: tengeneza folda mbili. Ya kwanza iite ASILI. Humo hakuna kinachofunguliwa kwa kuhaririwa, hakuna kinachobadilishwa jina. Ya pili iite KUPOSTI, humo cheza utakavyo. Kwa kila faili la ASILI andika kwenye daftari, naam, daftari la karatasi: nani karekodi, simu gani, lini, nani kapokea, saa ngapi. Mwenye Windows aongeze na kitu hiki: fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapata mstari mrefu wa herufi na namba. Huo ni alama ya kidole ya faili. Likibadilika hata kidogo, mstari unabadilika. Unakili kwenye daftari. Nakala ya ASILI iwekwe pia kwenye flashi, flashi ikae kwa mtu mwingine, nyumba nyingine.

Kabla ya kuposti, mjibu maswali matatu mkiwa wawili. Mtu asiyekuwepo ataelewa hapa ni wapi? Nilichokiondoa kingebadilisha maana? Nani alikuwa pembeni, na kwa nini simwoni? Mkikubaliana, postini. Msipokubaliana, tumieni Fit, picha nzima, mwende mkalale.

Tumebakiwa na wiki chache. Sijui kama watatufungia ofisi au watatufungulia, naomba watufungulie, na kama video zetu zitaonyesha uchaguzi safi basi tutazitoa hizo hizo, nzima, tena kwa furaha. Lakini kama lile kufuli litarudi, safari hii asiulize mtu ushahidi uko wapi. Uko kwenye folda la ASILI, Kata ya Cheyo, una tarehe, una jina la aliyerekodi, na kingo zake zote nne zipo.

Nani ana laptopu hapa? Inueni mikono. Saba. Zinatosha kwa leo, kaeni wanne wanne, tufungue Shotcut tuanze.

Nguvu ya umma!